Nyumba ya Fundi Viatu

Tulifika Aprili, theluji bado imejificha nyuma ya ghala,
mimi na Verlon, masanduku manne,
na dawa zake za presha katika kikasha chenye vyumba saba.
Tukapewa funguo. Tukapewa na nguo za karne nyingine:
yeye suruali ya kanda mabegani,
mimi gauni la kuburura na kofia ya kitambaa
inayobana masikio ambayo tangu zamani yananigomea.

Kanisani kwetu hata kijana wa miaka kumi na tisa huitwa Mzee.
Verlon ana sabini na sita.
Akiitwa Mzee Hadlock, hucheka:
"Cheo na magoti, hatimaye vimekutana."

Nje, Mississippi unapita, mpana,
rangi ya ngozi iliyolowekwa.
Ndani, Verlon anagongelea vijiti vya mti kwenye soli
na kusimulia: walikuja, wakajenga, wakafukuzwa,
wakavuka mto Februari, barafu ikilia chini ya magurudumu.
Mara kumi na mbili kwa siku.
Kwa basi zima la wastaafu wa Ohio,
kwa Wamenoni waliosimama kando bila neno,
wakiutazama mshono wake kama watu wanaojua mshono.
(Haukuwa mzuri. Walikuwa na adabu.)

Mimi naoka mikate midogo kwenye tanuri la kuni.
Kila mtoto anauliza siagi iko wapi.

Julai, joto linapanda ndani ya gauni kama mchwa
na mbu wa mtoni hawajali kwamba tunajitolea.
Jioni tunaivua karne ile, tunaitundika msumarini,
tunakula supu ya kopo, tunapiga simu Idaho.
Mjukuu anatuonyesha pengo la jino.
Nyuma yake naona ukuta nisioujua.
Shamba la viazi tuliliuza kabla ya msimu wa kwanza.
Hilo hatulitaji.

Halafu Agosti, msichana mwenye plasta gotini
akauliza: "Walipoondoka, walifunga mlango?"

Nyundo ya Verlon ikabaki hewani.
Katika hadithi yake mlikuwa na mto, mabehewa, ng'ombe,
hata idadi ya magunia ya unga,
lakini mlango haukuwamo.
"Sijui," akasema.
Miaka hamsini na moja ya ndoa,
neno hilo nimelisikia kwake mara mbili,
na ya kwanza ilikuwa hospitalini, kwa ajili ya Dell wetu.

Usiku akageukia kwangu gizani.
"LaRue. Sisi tulifunga?"
"Tulifunga. Ufunguo tulimwachia wakala."
"Sisemi wa mbele. Ule wa jikoni."
Nikautafuta mlango wa jikoni kichwani mwangu,
nikaona kitasa, nikaona alama za penseli
za urefu wa watoto,
mkono wangu sikuuona.

Oktoba mipepo imeangusha majani yote kwa siku tatu,
na kesho watakuja vijana wa mashine kusafisha.
Nikachukua ufagio.
"Wanalipwa kwa kazi hiyo," Verlon akasema.
Nikafagia.
Akatazama kidogo, kisha akainama, polepole, kwa awamu,
akanishikia kizoleo:
vipande vya ngozi, makombo,
mchanga wa viatu vya watu tusiowajua majina.

Juu ya meza ameacha kiatu alichoshona msimu mzima.
Kimoja, cha kushoto.
"Mwakani cha kulia."
"Mungu akipenda."
"Na magoti yakipenda."

Tukatoka. Akazungusha ufunguo,
akausukuma mlango kuhakikisha.
Nami nikausukuma.
Tukafika kwenye gari, akasimama,
nikajua, nikamngojea arudi.